Selimundu ile ile, ndugu wawili, na mikunjo ya DNA

"Mwanangu, hawa ni wa baba mmoja na mama mmoja. Ugonjwa mliosema ni ule ule. Mbona huyu mkubwa kila mara yuko wodini, na huyu mdogo anacheza mpira mpaka magharibi?"

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka Mbagala na wajukuu wake wawili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha la maabara, nimeshika karatasi zao za majibu. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili familia isitambulike.) Mimi ni mteknolojia wa maabara. Kazi yangu ni kutoa namba, maelezo ni ya daktari. Lakini siku ile namba zenyewe zilikuwa zinasema. Watoto wote wawili ni SS, yaani wana selimundu (sikoseli). Mkubwa ana himoglobini F asilimia 3, mdogo ana asilimia 14. Nikamwambia, "Bibi, tofauti yao iko hapa," nikamwonyesha kwa kalamu. Akaitazama karatasi kwa muda, kisha akaniuliza lililo gumu zaidi: "Na hiyo F, kwa nini huyu amepewa na huyu amenyimwa?"

Foleni ilikuwa imefika mlangoni, sikuweza kumjibu inavyostahili. Najibu hapa, kwa sababu jibu lake limenishika kuliko kitu chochote nilichosoma tangu nitoke chuo.

Himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni, na F ni ile ya mtoto akiwa tumboni. Inaikamata oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mtu mzima, ndiyo maana mtoto anaweza kuipata kutoka kwenye damu ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Akishazaliwa, mwili unaiacha pole pole na kuhamia himoglobini A. Kwa mtu mzima asiye na shida ya damu, F hubaki chini ya asilimia 1 hivi. Mtoto mwenye selimundu anapofika kwenye mabadiliko hayo, badala ya A anatengeneza S. Herufi moja ya DNA, A (si ile himoglobini A), imegeuka kuwa T ndani ya jeni ya beta-globini kwenye kromosomu ya 11, na protini inayotokana nayo inapata tofali moja, valini, mahali palipotakiwa asidi glutamiki. Basi. S zikiachia oksijeni huungana na kuwa nondo ndefu ndani ya seli nyekundu, seli inajipinda, inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo yanapoanza yale maumivu ambayo mzazi yeyote wa mtoto wa sikoseli anayajua bila kuelezwa.

F haiingii kwenye nondo hizo. Daktari Janet Watson wa New York alilihisi hili mwaka 1948, alipoona kwamba vichanga wenye selimundu wana seli chache sana zinazojipinda kuliko mama zao, akasema huenda himoglobini ya mimba inawakinga. Alikuwa sahihi. Mtoto wa miezi mitatu mwenye SS kwa kawaida ananyonya na kucheka kama wengine. Balaa linaanza F inapopungua.

Sasa hapa ndipo pa kusimama kidogo. Jeni za F hazipotei mtoto anapokua. Mjukuu mkubwa anazo, mzima kabisa, bila kasoro hata herufi moja. Mimi ninazo, na wewe unayesoma unazo. Zimenyamazishwa tu. Kwa hiyo swali la bibi, ukiligeuza kidogo, ni hili: nani anazinyamazisha, na kwa nini kwa mtoto mmoja amenyamazisha kwa nguvu na kwa mwingine kwa ulegevu?

Mpangilio wa jeni hizi na ndugu zake, jeni za globini zinazotengeneza himoglobini, peke yake unastahili kutazamwa. Zimekaa kwenye kromosomu ya 11 kwa mstari mmoja: kwanza epsiloni, halafu gama mbili, halafu delta, mwisho beta. Mwili nao unazitumia kwa kufuata mstari huo huo. Epsiloni hufanya kazi wiki za mwanzo za mimba, gama huchukua zamu mpaka kuzaliwa (hizi ndizo za F), kisha beta inashika mpaka kufa. Mbele ya zote, kabla ya epsiloni, kuna kipande cha DNA kisichotengeneza protini yoyote. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kazi yake.

Kilichowafumbua macho watu ni familia moja ya Uholanzi. Mwaka 1983 watafiti walieleza kwamba watu wa familia ile walikuwa na upungufu wa damu wa aina ya thalasemia, ilhali jeni ya beta kwenye kromosomu yao iliyoathirika ilikuwa nzima. Walichokosa ni kipande kirefu cha DNA kilicho mbele yake. Jeni nzima, imekaa mahali pake, na haifanyi kazi. Mwaka 1987 Frank Grosveld na wenzake, London, walionyesha kwamba eneo hilo la mbele ndilo linaloziamsha jeni za globini zote, nalo likaja kuitwa LCR, yaani eneo kuu la udhibiti. Kutoka hapo mpaka jeni ya beta ni herufi kama 50,000.

Kitu kinawezaje kuiamsha jeni iliyo mbali kiasi hicho? Jirani yangu Tabata ni fundi cherehani, na futi yake huwa shingoni kutwa nzima. Iweke mezani imenyooka: sentimita ya 5 na sentimita ya 120 ziko mbali, hazitakutana. Ikunje, na hizo namba mbili zinagusana, ingawa hakuna namba hata moja iliyohama mahali pake. DNA inafanya hivyo. LCR haisafiri, DNA inajikunja kati yake na jeni, inafanya kitanzi, na LCR pamoja na protini zote zilizoishikilia inaikaribia jeni inayotakiwa kusomwa.

Hili halikubaki kuwa wazo tu. Mwaka 2002 Job Dekker na wenzake walichapisha mbinu ya kupima mikunjo. Unamwagia seli formaldehaidi, ile ile iliyomo kwenye formalini tunayohifadhia vipande vya nyama kwa ajili ya patholojia, nayo inagandisha kila kilichogusana. Kisha unaikata DNA, unaunganisha ncha zilizo karibu, na kusoma ni vipande gani vimeungana. Vipande vilivyo mbali kwenye mstari vikikutwa vimeungana mara nyingi, ujue ndani ya seli vilikuwa jirani. Mwaka huo huo kundi la Rotterdam likaitumia kwenye jeni za globini za panya. Kwenye seli zinazotengeneza damu, LCR ilikutwa imekaribiana na jeni inayofanya kazi. Kwenye seli za ubongo, DNA ile ile ilikuwa imenyooka.

Napenda sana matokeo hayo. DNA moja, viungo viwili, mikunjo miwili.

Tena kuna jambo la ushindani. Mwaka 1995 kundi la Grosveld lilikuwa limeshaonyesha kwamba LCR hushughulikia jeni moja kwa wakati mmoja, ikihama kutoka hii kwenda ile. Ikiwa na gama, haiko na beta. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya kuvutia tu. Kwa mwenye SS ni habari ya uhai, kwa sababu kila dakika LCR inayokaa na gama ni dakika ya F kuongezeka na S kupungua. Unapata faida mara mbili.

Lakini nani anakunja? DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa inafika kama mita 2, na imo ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 10 hivi, yaani sehemu ya mia ya milimita moja. Hatua ya kwanza ya kuibana ni histoni, protini ambazo DNA huzizunguka: kila herufi 147 zinazunguka kundi la histoni 8, na hapo zilipobanana sana, protini zinazosoma jeni hazipati pa kuingia. Hiyo inajulikana tangu zamani na vitabu vya shule vinaitaja. Ambayo mimi sikufundishwa, na natamani wanafunzi wa sasa wafundishwe, ni kohesini.

Kohesini ni protini kadhaa zilizoungana kwa umbo la pete. SMC1 na SMC3 ni mikono yake, RAD21 inafunga mdomo. Inaikamata DNA, kisha inaivuta, na kitanzi kinatoka na kukua upande mmoja au pande zote mbili, huku ikitumia nishati ya ATP. Kwa miaka kadhaa watu walibishana kama jambo hilo hutokea kweli. Mwaka 2018 kundi la Delft, Uholanzi, likaliona kwa macho kwenye darubini, kwa kutumia kondensini, ambayo ni ndugu wa kohesini: DNA moja iliyofungwa ncha zote mbili, na kitanzi kinaanza kukua hapo katikati. Mwaka 2019 makundi ya Vienna na Dallas wakaonyesha kwamba kohesini ya binadamu nayo inafanya vivyo hivyo, kwa kasi ya herufi mia kadhaa mpaka elfu moja au mbili kwa sekunde. Niliitazama video mojawapo nikiwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nikairudia mpaka nikapitiliza kituo. Miaka yote nimeshika mirija ya damu bila kufikiria kwamba ndani ya uboho wa yule mtoto kuna kitu kinavuta DNA muda wote, usiku na mchana.

Kohesini haivuti bila mpaka. Inasimamishwa na protini nyingine, CTCF, ambayo ina vidole 11 vya zinki vya kuishikia DNA. Herufi ambazo CTCF huzishika zina mwelekeo, na mara nyingi kitanzi husimama pale CTCF mbili zinapoelekeana. Ramani kubwa iliyotolewa mwaka 2014 ilihesabu vitanzi kama 10,000 katika seli za binadamu, na vingi vilikuwa na CTCF zilizoelekeana hivyo kwenye mashina yake. Ukiigeuza moja ielekee upande wa pili, kitanzi kinahama. Eneo letu la globini nalo limekaa katikati ya CTCF mbili, moja mbele ya LCR na nyingine nyuma ya beta, kwa hiyo LCR hufanya kazi na majirani zake wa humo ndani.

Mashine hii ikiharibika, mtoto anaumia. Tangu mwaka 2004 inajulikana kwamba watoto wengi wenye sindromu ya Cornelia de Lange wana kasoro kwenye jeni ya NIPBL, protini inayoisaidia kohesini kuanza kazi. Wanazaliwa wadogo, wengine mikono haijakamilika, akili inachelewa. Jeni za mikono zenyewe hazina kosa. Shida iko kwa anayezipangia zamu.

Nisiwavutie sana upande mmoja, hata hivyo. Wapo wanaoandika kana kwamba mikunjo ndiyo kila kitu, na mimi siwafuati huko. Mwaka 2017 watafiti waliiondoa kohesini ndani ya seli kwa saa chache tu. Vitanzi vyote vya aina hii vikatoweka, lakini jeni nyingi ziliendelea na kazi karibu kama kawaida. Zilizobadilika sana zilikuwa chache. Kwa maoni yangu hiyo ina maana kwamba kohesini na CTCF wanaandaa uwanja, wanaamua nani yuko karibu na nani, halafu mkutano wenyewe wa LCR na jeni unashikiliwa na protini za seli husika. Kwa damu, hizo ni GATA1, TAL1, KLF1, na moja isiyoishika DNA yenyewe bali inashikana na wenzake: LDB1. Nakala ya LDB1 iliyo kwenye LCR inaikamata nakala ya LDB1 iliyo kwenye jeni, na kitanzi kinafungwa.

Kundi la Gerd Blobel, Philadelphia, waliuliza swali ambalo na mimi ningeliuliza: kitanzi ndicho kinachoiwasha jeni, au jeni ikiwaka ndipo kitanzi kinatokea? Wakachukua seli za panya zisizo na GATA1, ambazo jeni ya beta imezimika na kitanzi hakipo. Wakatengeneza protini ya kushika mwanzo wa jeni, wakaibandika kipande cha LDB1. Kitanzi kikajifunga, na jeni ikawaka kwa kiasi kikubwa. Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Mwaka 2014 wakaenda mbali zaidi: kwenye seli za damu za binadamu mtu mzima, wakakilazimisha kitanzi kiende kwenye gama. F ikapanda sana, na beta ikashuka. Hawakugusa herufi hata moja ya jeni. Walibadilisha mkunjo tu.

Sasa nirudi kwa wajukuu. Bibi aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mtaani wanasema mdogo kachukua damu ya upande wa baba na mkubwa kachukua ya kwa mama, na kwamba mkwewe anasemwa. Hili liliniuma na nataka liandikwe wazi. Wazazi wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya A na moja ya S. Ili mtoto awe SS lazima apewe S na baba na S na mama. Kwa hiyo watoto wote wawili wamerithi kipande kile kile cha kromosomu ya 11 kutoka kwa baba, na kile kile kutoka kwa mama. Kwenye eneo la globini hao ni nakala moja. Huwezi kumtafutia lawama mama hapo.

Tofauti iko kwenye kromosomu nyingine, ambazo kila mtoto alipewa kwa mgawo wake. Ya kwanza ni ya 2, iliko jeni ya BCL11A. Protini yake inakaa karibu kabisa na mwanzo wa jeni za gama na kuzifunga, na LCR inabaki na beta. Huyo ndiye mnyamazishaji mkuu. Ya pili ni ya 6, iliko jeni ya MYB, ambayo ikiwa na nguvu sana F inashuka. Wapo watu waliorithi herufi zinazoilegeza BCL11A kwenye seli za damu, au zinazoilegeza MYB, na hao hubaki na F nyingi zaidi ukubwani.

Hapa Dar es Salaam imechangia jambo kubwa. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, maelfu yao, na mwaka 2011 Profesa Julie Makani na wenzake walichapisha utafiti wa F kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Maeneo hayo mawili, ya BCL11A na ya MYB, yalionekana kuhusiana na F kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Halafu mwaka 2014 kundi jingine likafafanua lile la MYB. Herufi zinazotofautiana haziko ndani ya jeni ya MYB. Ziko mbali nayo, herufi kama 70,000 na 84,000 kabla yake, kwenye maeneo yanayoshikwa na GATA1, TAL1, KLF1 na LDB1. Aliyerithi herufi tofauti, protini hizo zinashika kwa ulegevu, kitanzi cha kwenda MYB kinadhoofika, MYB inapungua, na F inapanda.

Kwa hiyo, bibi, hakuna aliyepewa wala aliyenyimwa. Huenda mjukuu wako mdogo ana kitanzi kilicholegea kwenye kromosomu ya 6, au mnyamazishaji mpole kwenye kromosomu ya 2, au vyote viwili. Maabara yetu haisomi kromosomu hizo, inapima matokeo yake tu, ile asilimia 14. Na F si peke yake inayoamua nani aumwe: kuna alpha-thalasemia, ambayo ni ya kawaida huku kwetu, kuna malaria, kuna maji, kuna baridi ya Julai.

Tiba mpya ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, inapita njia hii hii. Wanachukua seli za uboho za mgonjwa na kuikata DNA yake kwa CRISPR, mkasi wa kukata mahali palipochaguliwa, lakini hawaikati jeni ya beta yenye kosa, wala sehemu ya jeni ya BCL11A inayotengeneza protini. Wanakata eneo dogo linaloiamsha BCL11A kwenye seli za damu tu. Mnyamazishaji anadhoofika, LCR inarudi kwa gama, F inapanda. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa lazima apewe dawa kali za kuua uboho wa zamani. Nchini kwetu watoto wanaokadiriwa kuzaliwa na selimundu ni kama 11,000 kwa mwaka. Mimi naamini tiba itakayowafikia hawa itakuwa kidonge kinachomlegeza BCL11A au kuhamisha kitanzi, na ningependa sana kiwe na majina ya watafiti wa hapa Upanga.

Kwa sasa dawa ya kupandisha F tuliyonayo ni haidroksiurea, inayomezwa kila siku huku damu ikipimwa mara kwa mara kliniki. Kwa wazazi wanaosoma: karatasi ya majibu ikitoka, tafuta mstari wa F, uandike namba na tarehe kwenye daftari la mtoto, maana anayeanza dawa hupimwa kwa kulinganisha na namba yake mwenyewe ya mwanzo. Kama mtoto bado ni mdogo, chini ya miaka mitano hivi, F yake huenda bado inashuka, kwa hiyo namba kubwa ya mwaka wa kwanza isikufanye uache kliniki, wala penisilini, wala chandarua.